Mabomba ya Zamani Yataka Daftari

Katika toleo hili twapenda kuwaletea ndugu wanachama wetu, na makarani wote wasomao karatasi hii, jambo ambalo kwa desturi husemwa kuwa ni la mafundi na wahandisi peke yao, nalo ni hali ya mabomba ya maji yaliyozeeka katika nchi ya Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Neno hilo hatulikubali. Bomba la zamani haliharibiwi na kutu peke yake. Huharibika upesi zaidi kwa kukosa mtu ajuaye lilipopita, lililazwa mwaka gani, na mara ya mwisho lilitengenezwa lini na kwa sababu gani. Kuyajua mambo hayo na kuyaandika si kazi ya nyundo, ni kazi ya kalamu. Kwa hiyo twasema ya kuwa ni kazi yetu pia, na tena ni kazi isiyoweza kungoja, kwa sababu tutakazozieleza hapa chini.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Milima ya Umatengo yapanda mpaka karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini yake, karibu meta 475 tu. Maji yateremkayo upande wa mashariki huingia Mto Ruvuma, wenye safari ya kilometa zipatazo 800 mpaka Bahari ya Hindi. Na maji yateremkayo upande wa magharibi huingia ziwani, hutoka kwa njia ya Mto Shire, na mwisho hufika Zambezi. Nchi ya namna hii ni neema kubwa kwa mtu atakaye maji, maana maji yaweza kushuka yenyewe kutoka chemchemi mpaka kijijini bila mashine wala mafuta. Haya ndiyo maji ya mserereko. Juu hujengwa kidakio cha kuyakamata, kisha hufuata bomba kuu, kisha tangi, kisha mabomba madogo mpaka vituo vya kuchotea. Hakuna dizeli ya kununua wala umeme wa kulipia. Lakini urahisi huo umewadanganya watu wengi. Wameona maji yanashuka yenyewe, wakadhani na mabomba nayo yatajitunza yenyewe.

Mabomba hayo yalikujaje? Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, na shabaha yake ilikuwa kila mwanakijiji apate maji yasiyo mbali zaidi ya meta 400 na nyumba yake ifikapo mwaka 1991. Mwaka 1982 ikamalizika mipango mikubwa ya maji ya mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, iliyotengenezwa kwa msaada wa Denmark, na katika miaka iliyofuata miradi mingi ya mserereko ilijengwa katika mikoa hiyo. Wananchi walichimba mitaro kwa mikono yao na kubeba mabomba kwa mabega mahali pasipofika gari. Hesabu ni nyepesi. Bomba lililolazwa katika miaka ile sasa lina umri wa miaka ipatayo 40. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 17.5 katika hesabu ya mwaka 1978. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa milioni 61.7. Kwa hiyo bomba lilelile lililochoka ndilo linaloombwa leo kunywesha watoto na wajukuu wa wale waliolichimbia mtaro.

Sasa twaomba msomaji aangalie jambo moja ambalo mtu wa ofisi hulitambua upesi kuliko fundi. Mabomba yamekaa palepale yalipofukiwa, lakini ofisi ya kuyatunza imehama mara kwa mara. Hapo kwanza yalikuwa mali ya Serikali, na mwanakijiji hakutozwa kitu. Ikaja Sera ya Maji ya mwaka 1991, kisha ile ya mwaka 2002, zikamtaka mwananchi achangie gharama na kuumiliki mradi wake. Ikaja sheria ya mwaka 2009 iliyoweka jumuiya za watumia maji. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, nao wakala ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2019, na watumishi wa maji wa halmashauri wakahamia huko. Katikati ya mambo hayo, mwaka 2012, mwambao wa ziwa ukatengwa na Mbinga ukawa Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Hatusemi ya kuwa mabadiliko hayo yalikuwa mabaya. Huenda kila moja lilikuwa na maana yake. Twasema hivi tu: kila karani ajua kinachowapata majalada siku ofisi inapohama. Kabati moja huenda huku na jingine huenda kule, ramani iliyokunjwa huachwa juu ya rafu, na mchwa ndio husoma mara ya mwisho.

Basi ujuzi wa mabomba umebaki wapi? Umebaki vichwani mwa wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 30 alipochimba mtaro mwaka 1984 sasa amepita miaka 70. Huyo ndiye ajuaye ya kuwa bomba lilipinda kushoto kwa ajili ya mwamba, ya kuwa koki ya kutolea tope iko chini ya mwembe uliokwisha kukatwa, na ya kuwa kipande cha meta 200 kiliwekwa bomba jembamba kwa sababu lile nene lilikwisha siku ile. Mambo haya hayamo katika ramani yoyote, maana ramani huchorwa kabla ya kazi, na mtaro huchimbwa kama ardhi ipendavyo. Kila tumzikapo mmoja wa wazee hawa, kipande cha bomba hutoweka machoni pa watu, ingawa maji yangali yakipita ndani yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza kusema ya kuwa kazi hii haiwezi kungoja. Fedha zikikosekana mwaka huu zaweza kupatikana mwaka ujao, lakini ushahidi wa mtu aliyekufa haupatikani tena.

Wako watakaouliza kama kumbukumbu ina faida gani ikiwa fundi atakuja na kuona tundu kwa macho yake. Tutajibu kwa mfano wa mabomba ya mlimani. Wahandisi hutufundisha ya kuwa maji yakisimama ndani ya bomba, kila meta 10 za mteremko huongeza nguvu ya kusukuma kwa kipimo kiitwacho ba 1. Bomba la plastiki lililotengenezwa kustahimili ba 6 halifai kupewa mteremko unaopita meta 60. Nasi tumekwisha kuona jinsi milima yetu ilivyo mirefu. Kwa hiyo wajenzi huweka njiani matangi madogo ya kupunguza nguvu, ambamo maji huingia, hutulia, kisha huanza safari upya. Tuseme koki ya boya katika tangi moja imeharibika, maji yakawa yanafurika, na mtu mmoja kwa nia njema akaliruka lile tangi kwa kuunganisha bomba moja kwa moja. Maji yatashuka vizuri sana, na watu watamshukuru. Lakini mabomba ya chini sasa yamebeba nguvu yasiyoumbiwa. Yatapasuka mwaka huu, yatazibwa. Yatapasuka mwaka ujao, yatazibwa. Fundi mgeni ataona bomba bovu, wala hataona tangi lililorukwa kilometa 2 juu yake. Ila kama kuna daftari lisemalo ya kuwa mahali pamoja pamepasuka mara 5 katika miaka 3, hata karani asiyejua kushika spana atauliza, "Kwa nini hapa tu?" Swali hilo lina thamani kuliko mabomba 10 mapya.

Hali kadhalika na uvujaji mdogo, ambao wengi huudharau. Tundu litoalo lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku moja, yaani ndoo 72 za lita 20. Sera ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, na kituo kimoja kwa watu 250. Basi tundu moja dogo hunywa mgawo wa watu 57. Matundu 5 ya namna hiyo hupoteza maji kupita mgawo wa kituo kizima, na kituo hicho kitaitwa kikavu, na watu watasema chemchemi imekauka, na wataomba mradi mpya, na mradi mpya utaletwa na kuunganishwa na mabomba yaleyale yavujayo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza ya kuwa huwezi kuziba ufa usioujua ulipo.

Wala asidhani mtu ya kuwa mabomba huharibika kwa uzee tu. Shirika la WaterAid lilitoa taarifa mwaka 2009 kuhusu vituo vya maji vya vijijini katika Tanzania, likaonyesha ya kuwa karibu nusu vilikuwa havitoi maji, na ya kuwa robo ya vituo vilikuwa vimekwisha kuharibika miaka 2 tu baada ya kujengwa. Kitu cha miaka 2 si kizee. Kitu hicho kilikosa mlezi. Na ikiwa kipya huharibika kwa kukosa mlezi, je, kile cha miaka 40, ambacho kingali kinatoa maji, hakistahili heshima na uangalizi mkubwa zaidi? Twaona ajabu ya kuwa mradi mpya huwekewa jiwe la msingi, huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, hata Mwenge wa Uhuru husimama hapo. Lakini hakuna akataye utepe siku kiungo kilicholegea kilipokazwa. Kazi ya matengenezo haina sherehe, na kwa sababu hiyo haina budi kuwa na kumbukumbu, maana kumbukumbu ndiyo sherehe yake pekee.

Ndugu zetu wa mwambao, kutoka Lituhi kwenye Mto Ruhuhu, kupita Liuli, mpaka Mbamba Bay, huambiwa mara nyingine ya kuwa wao hawana neno, kwa kuwa ziwa zima liko mlangoni kwao. Ni kweli Ziwa Nyasa lina kina cha meta zipatazo 700, wala halitakwisha kwa ndoo. Lakini maji ya ufukoni, ambako watu huoga, hufua, na mvua huleta uchafu wa kijiji, si maji ya kunywa. Mna kichocho ndani yake, na kipindupindu kikizuka hutembea kwa maji ya namna hiyo. Kule ng'ambo, katika nchi ya Malawi, kipindupindu kilichoanza mwezi wa Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700 kabla ya kutulizwa, na ziwa hili ni moja. Mitumbwi ya wavuvi haiulizi mpaka. Bomba la mlimani likikatika, mama wa mwambao hakai bila maji hata siku moja. Huchukua ndoo na kwenda ziwani, na kwa hiyo hakuna aonaye hatari. Mlimani bomba likifa watu hupiga kelele, lakini mwambaoni huweza kufa kimya, na kelele husikika baadaye hospitalini. Hii ndiyo sababu ya pili.

Tusifikiri ya kuwa shida hii ni ya vijiji vyetu peke yake, wala ya nchi zenye fedha kidogo. Mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mji ulikuwa na watu 272,821 mwaka 1967. Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Mitambo imepanuliwa tangu hapo, lakini kwa miaka mingi karibu nusu ya maji yaliyosafishwa kwa gharama kubwa yalivuja chini ya ardhi, au yaliibwa, au hayakuingia katika hati ya malipo. Maji ya kwanza ya kutafuta katika mji mkubwa si yale ya mtoni, ni yale yaliyokwisha kusafishwa yakapotea. Nayo hayaonekani ila kwa kupima yaliyotoka mtamboni na kulinganisha na yaliyofika kwa watu. Hiyo ni kazi ya leja, yenye ukurasa wa kuingia na ukurasa wa kutoka, ambayo kila mwanachama wetu aijua.

Na huko ng'ambo ya bahari tutaleta mifano miwili tu, mmoja wa daftari lililookoa watu na mmoja wa daftari lililosahauliwa. Katika London mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja. Daktari John Snow alikwenda katika ofisi ya kuandikisha vifo akapewa orodha ya vifo 83 pamoja na mahali pa kila kimoja, akatembea mtaani na orodha yake mkononi, akaona ya kuwa karibu vyote vilizunguka pampu moja ya maji katika Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Watu humsifu daktari, na ni haki yake. Lakini nani aliandika ile orodha? Makarani ambao majina yao hayatajwi. Walikuwa wameandika kila kifo mahali pake na siku yake, bila kujua itamfaa nani.

Mfano wa pili ni wa mji wa Flint katika Marekani. Mwezi wa Aprili 2014 mji huo ulianza kutumia maji ya mto badala ya yale uliyokuwa ukinunua Detroit, wala hakikutiwa kitu cha kuyazuia yasile mabomba. Mabomba mengi ya kuingia majumbani yalikuwa ya zamani, ya risasi, na sumu ya risasi ikaingia katika maji ya watoto. Hapo ndipo watu walipouliza: nyumba zipi zina mabomba ya risasi? Kumbukumbu zikaonekana katika makabati ya zamani, kadi zipatazo 45,000 zilizoandikwa kwa mkono, pamoja na ramani za penseli, na nyingi zilikuwa na upungufu. Ikawalazimu kufukua mbele ya nyumba moja baada ya nyingine ili kuona kwa macho kile ambacho kadi iliyotunzwa vizuri ingalisema kwa dakika moja. Ikiwa mji wa nchi tajiri kama ile umepatikana na jambo hili, sisi tuna sababu zaidi ya kuanza mapema, maana hatuna fedha za kufukua nchi nzima.

Lakini hatuhitaji kwenda London wala Flint kujifunza matunzo. Mmatengo amekuwa akiyajua kwa vizazi vingi, na shule yake ni ngoro. Mwisho wa masika majani hukatwa na kulazwa kwa mistari ikatanayo kama miraba. Udongo wa katikati huchimbwa na kufukia yale majani, likabaki shimo, na juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikija, maji hukaa mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na magugu hutupwa humo yawe mbolea. Hivyo ndivyo watu walivyolima miteremko mikali bila kuimaliza. Sasa angalia siri yake. Ngoro haichimbwi mara moja ikawa urithi wa milele. Baada ya mzunguko wa miaka 2 hufanywa upya, matuta ya zamani yakawa mashimo na mashimo yakawa matuta. Hakuna Mmatengo asemaye, "Babu alichimba, yatosha." Basi kwa nini tuseme hivyo juu ya bomba? Aliyebuni ngoro alijua ya kuwa kitu kizuri kilicho katika mteremko hakiishi ila kwa kurudiwa. Twataka akili ileile ihamie katika mabomba.

Na sasa tuseme daftari lenyewe liwe na nini, ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Sehemu ya kwanza iwe ya njia ya bomba: wazee waliochimba waitwe, watembee pamoja na kijana na karani kutoka kidakio mpaka kituo cha mwisho, na kila kona, koki, tangi na kivuko viandikwe kwa hatua na alama zisizohama, kama mwamba, daraja au kanisa, na ikiwezekana kwa vipimo vya simu vionyeshavyo mahali. Sehemu ya pili iwe ya vitu vyenyewe: bomba la aina gani, unene gani, limelazwa mwaka gani. Sehemu ya tatu iwe ya matengenezo: tarehe, mahali, kilichoharibika, sababu yake, vifaa vilivyotumika, bei, na jina la fundi. Neno "sababu" lisiachwe tupu hata siku moja. Aliyeandika "bomba limepasuka" hajaandika kitu. Aandike kama lilipasuka kwa nguvu ya maji, au lilichomwa na moto wa msituni, au lilifukuliwa na mvua likaungua kwa jua, au lilikatwa na mtu atakaye kumwagilia bustani.

Sehemu ya nne iwe ya kipimo cha maji. Jambo hili halitaki chombo cha ghali. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye kidakio uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi yatoa lita 2 kwa sekunde, nayo ni lita 172,800 kwa siku. Hesabu hii ifanywe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba, na tena baada ya masika. Baada ya miaka 5 mtu ataweza kusema kwa ushahidi kama chemchemi yapungua au bomba ndilo livujalo. Kama yapungua, kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 izuiayo kulima na kujenga ndani ya meta 60 za chanzo cha maji. Na kama ni bomba, penye dira ya maji watu na wakubaliane usiku mmoja kufunga vituo vyote. Dira ikisomwa saa 4 usiku na tena saa 10 alfajiri, kiasi kilichopita ndicho kivujacho, maana hakuna aliyechota.

Sehemu ya tano iwe ya fedha, nayo igawanywe kurasa mbili zisizochanganywa kamwe: ukurasa wa matumizi ya kila siku, na ukurasa wa kubadilisha mabomba. Mathalan, kama bomba kuu lagharimu shilingi milioni 30 na latarajiwa kuishi miaka 30, basi kila mwaka shilingi milioni 1 yapasa kuwekwa kando, hata kama bomba ni jipya na halina kasoro. Jumuiya ikikusanya fedha za mlipaji wa posho na koki tu, kisha ikajisifu ya kuwa haina deni, imejidanganya; ina deni kubwa kwa bomba, na bomba hudai lote siku moja.

Kuna hoja tatu ambazo twajua zitaletwa. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kuna kompyuta, na vituo vya maji vimekwisha kuwekwa katika ramani. Twafurahi kwa hilo. Lakini kituo huonekana. Bomba lililozikwa halionekani, na kompyuta haijui ila iliyoambiwa. Daftari la kijiji ndilo litakaloilisha. Hoja ya pili ni kwamba hakuna fedha. Daftari, kalamu, ndoo na saa havihitaji msaada wa nchi yoyote. Hoja ya tatu ni kwamba jambo hili si katika wajibu wa mtendaji wa kijiji, wala karani wa zahanati, wala mwalimu. Pengine haliko katika barua ya ajira, lakini katika vijiji vingi hao ndio watu walioandika maisha yao yote, na jumuiya za watumia maji zatafuta katibu na mtunza hazina miongoni mwa watu kama hao. Hatumtaki mtu ashike madaraka yasiyo yake, wala amwingilie mhandisi katika kazi yake. Twataka ampe mhandisi kitu cha kusomea atakapofika.

Neno moja zaidi juu ya uhamisho. Watumishi huhamishwa, na ndiyo kawaida ya utumishi. Katika hati ya makabidhiano huandikwa viti, meza, muhuri na funguo. Twaomba katika kila ofisi ihusikayo daftari la maji liandikwe katika hati hiyo, kwa idadi ya kurasa, na mpokeaji atie sahihi ya kuwa amelipokea na amelisoma. Na nakala zake ziwe tatu: moja kijijini kwa jumuiya, moja katika ofisi ya maji ya wilaya, na moja mahali pengine pasipoweza kuungua pamoja na zile mbili. Mbinga na Nyasa ni wilaya mbili, lakini chemchemi za upande mmoja zaweza kunywesha watu wa upande wa pili. Kwa hiyo makarani wa pande zote mbili wafanye desturi ya kupeana nakala.

Basi, ndugu wanachama, twataraji ya kuwa kila tawi litachagua mradi mmoja wa zamani ulio karibu nalo, na kabla ya mvua za Novemba litawatafuta wazee waliouchimba, liwasikilize kwa adabu, litembee nao polepole kwa kuwa miguu yao imechoka, na liandike. Matawi yatakayomaliza na yatuletee habari: urefu wa njia waliyoitembea, idadi ya koki zilizopatikana na zilizokosekana, na kipimo cha ndoo kwenye kidakio. Tutazichapa katika karatasi hii kwa majina ya miradi, ili tawi moja lijifunze kwa jingine, na ili hesabu ya mwaka ujao iwe na kitu cha kulinganishwa nacho.